Usimkodi mtendaji wa muda kisha ukamfunga mikono

"Kampuni yetu inaunda mashine za kufungashia bidhaa na ina wafanyakazi 120. Kwa miaka minne tumeuza katika nchi moja ya nje kupitia msambazaji mmoja, na leo soko hilo linatuletea karibu robo ya mauzo. Tatizo ni huduma. Mashine ikikwama, mteja anasubiri kipuri wiki mbili au tatu, na wateja wawili wakubwa wametuandikia sisi moja kwa moja wakilalamika. Bodi imeamua tufungue kampuni tanzu huko. Mjumbe mmoja wa bodi amependekeza mtendaji wa muda, mtu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 25, kwa miezi tisa. Nimezidisha ada yake ya siku kwa siku za kazi za mwaka nikapata zaidi ya mara mbili ya mshahara ambao ningemlipa mkurugenzi wa kudumu. Kwa nini nilipe mara mbili kwa mtu atakayeondoka, pengine na wateja wangu? Halafu meneja wetu wa mauzo, ambaye ndiye aliyelijenga soko hilo, anasema kazi hiyo ni haki yake na akinyimwa ataacha kazi. Nifanyeje?"

Umeuliza la fedha kwanza, la wateja pili, na la meneja wako mwisho. Nami la meneja nitaliweka mwisho, ila ujue mapema kwamba ndilo lililonifikirisha zaidi. Hayo mengine mawili mtu anaweza kuyapigia hesabu. Niseme pia kwamba nimeifanya kazi hii ya utendaji wa muda kwa miaka mingi, na mara mbili nimekaa upande wako wa meza, mimi ndiye niliyemkodi mtu. Kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, na makovu pia ninayo.

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko mmoja uliojificha kwenye barua yako. Tukisikia "mkurugenzi wa muda", wengi wetu tunamwona kaimu: mtu wa ndani aliyewekwa kitini ili kiti kisikae wazi, asaini barua, asivunje kitu, angoje mwenye kiti aje. Kaimu akiondoka na kila kitu kiko kama alivyokikuta, tunamsifu. Mtendaji wa muda hasifiwi kwa hilo. Huyu anatoka nje, amewahi kushika nafasi kubwa kuliko hiyo unayompa, anaingia na hadidu za rejea zenye tarehe ya mwisho, na akiondoka bila kitu kubadilika umetupa fedha. Wala si mshauri mwelekezi. Mshauri anakuandikia ripoti, ukiamua vibaya ni juu yako. Mtendaji wa muda anaajiri na kuachisha, anapangisha ghala, anabishana na forodha, na matokeo yanasomwa kwa jina lake.

Kazi hii kama tunavyoijua ilianzia Uholanzi katika miaka ya 1970. Sheria za kazi za huko zilifanya kumwachisha mfanyakazi wa kudumu kuwe safari ndefu na ya gharama, ndipo kampuni zilizohitaji mtu mzito kwa miezi michache zikaanza kumkodi badala ya kumwajiri. Baadaye ikaenea Ujerumani, Uingereza na kwingineko. Nimeitaja historia hii kwa sababu inaonyesha unachokinunua hasa, nacho ni nafasi ya kuachana na mtu kwa wema, kwa tarehe mliyokubaliana. Katika soko jipya nafasi hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, maana bado hujajua unamhitaji mtu wa aina gani.

Hebu jaribu leo kuandika tangazo la kazi ya mkurugenzi wa kampuni tanzu. Nina hakika utaandika sifa za mtu wa mauzo, kwa sababu soko hilo umelijua kupitia mauzo. Lakini wateja wako hawakulalamikia mauzo. Wamelalamikia vipuri na mafundi. Huenda unayemhitaji ni mhandisi wa huduma aliyezoea kuendesha ghala, na mauzo yakabaki kwa wasambazaji wawili au watatu. Huenda msambazaji wako wa sasa si mzembe hata kidogo. Pengine punguzo la bei mnalompa ni dogo mno kumwezesha kuweka akiba ya vipuri ambavyo vitakaa kwenye rafu miezi minane bila kuguswa. Ukiwa umekaa makao makuu huwezi kuyatenganisha haya. Mtu wa kudumu unayemwajiri leo unamwajiri kwa kubahatisha, na ukikosea utagundua baada ya mwaka mzima, ukiwa umeshika mkataba wa ajira chini ya sheria ya nchi usiyoizoea.

Wasomi wawili wa Sweden, Jan Johanson na Jan-Erik Vahlne, walieleza mwaka 1977 kwamba kampuni huingia nchi za nje hatua kwa hatua kwa sababu ujuzi wa soko hupatikana kwa kufanya kazi ndani yake, na hakuna ripoti inayoweza kuziba pengo hilo. Mwaka 2009 waliirudia hoja yao wakaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu zaidi: kinachoumiza kampuni ngeni si ugeni wa nchi tu, ni kuwa nje ya mtandao wa watu wanaofanya biashara hiyo. Hujui fundi yupi anaaminiwa na viwanda vyote, wakala yupi wa forodha anapokelewa simu, mnunuzi yupi hulipa kwa siku 30 na yupi husema 30 akalipa 90. Ukilishika hilo utaelewa mtendaji wa muda anauza nini. Anakupangisha uenyeji wake. Nimesema kupangisha, maana uenyeji huo unabaki kuwa mali yake, na mkataba ukiisha anaondoka nao, isipokuwa ile sehemu iliyohamishiwa kwa watu wako kwa makusudi, wiki baada ya wiki. Usipoisimamia kazi hiyo ya kuhamisha, mwezi wa kumi utaamka mgeni kama ulivyokuwa mwezi wa kwanza.

Hapa watu hupenda kuuliza: kwani mtu wetu wa ndani ana kasoro gani? Hana kasoro, ila angalia yaliyowapata wakubwa. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Ujerumani mwishoni mwa 1997 kwa kununua maduka makubwa 21 ya kampuni ya huko ya Wertkauf, na mwaka uliofuata ikaongeza 74 ya Interspar. Mkuu wa kwanza alitoka makao makuu Marekani, na Kiingereza kikawa lugha ya kazi ya mameneja. Mwaka 2006 maduka 85 yakauzwa kwa Metro, kampuni ya Kijerumani, na Walmart ikaandika hasara ya takriban dola bilioni 1. Target, nayo ya maduka ya Marekani, ilifungua maduka Kanada kuanzia Machi 2013, nchi jirani kabisa, na Januari 2015 ikatangaza kuyafunga yote, 133. Huko maghala yalijaa huku rafu za dukani zikiwa tupu, kwa kiasi kikubwa kwa sababu taarifa za bidhaa ziliingizwa kwenye mfumo mpya kwa haraka na kwa makosa, hata vipimo vya inchi vikawekwa mahali pa sentimita. Nisikudanganye kwamba mtendaji wa muda angeiokoa Target. Ratiba ile ya kufungua maduka zaidi ya 120 ndani ya mwaka mmoja ingemshinda mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba kumjua vizuri mwenye kampuni na kulijua vizuri soko ni ujuzi wa aina mbili, na mara chache hukaa kwenye kichwa kimoja.

Sasa fedha. Hesabu yako ni sahihi, ila umezidisha kwa namba isiyokuhusu. Katika fani hii kuna kadirio linalotumika sana: ada ya siku moja ni takriban asilimia 1 ya mshahara wa mwaka wa mtu wa kudumu wa ngazi hiyo. Mwaka una siku za kazi kama 220, kwa hiyo ukizidisha unapata asilimia 220, ndiyo hiyo "zaidi ya mara mbili" iliyokutisha. Lakini hutamkodi siku 220. Kwa kazi yako ningepanga siku nne au tano kwa wiki katika miezi mitatu ya kwanza, siku tatu kwa miezi minne inayofuata, na siku mbili kwa miezi miwili ya mwisho ambapo mrithi amekwisha kuingia. Jumla inakuja siku 125 hivi, yaani mshahara wa mwaka mmoja na robo.

Mweke pembeni yake mtu wa kudumu kwa miezi hiyo hiyo tisa. Mshahara ni asilimia 75 ya mwaka. Ongeza michango ya hifadhi ya jamii, bima, likizo na marupurupu, tuseme robo ya hapo. Ongeza kampuni ya kutafuta watendaji, ambayo kwa kawaida hutoza kati ya robo na theluthi ya malipo ya mwaka wa kwanza. Umeshafika kwenye asilimia 120 na kitu ya mshahara wa mwaka, na hapo bado hujagusa malipo ya notisi endapo ulikosea. Kwa hiyo pengo uliloliona ni dogo sana. Hata hivyo lipo: mtendaji wa muda akimaliza bado utalipa gharama ya kumtafuta mrithi, na nauli na malazi yake mara nyingi haviko ndani ya ada. Ukiniuliza nimlipe nani kama ninajua kwa hakika mtu ninayemtaka na yuko tayari kuanza mwezi ujao, nitakwambia umwajiri mtu huyo na umsahau mtendaji wa muda. Ada ya ziada ni bei ya kutokubahatisha. Asiyebahatisha hana haja ya kuilipa.

Kinachonitia wasiwasi kwenye pendekezo la bodi yako ni kingine kabisa. Hukuandika popote mtu huyo atakuwa na mamlaka gani.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma kampuni moja ya vifaa vya maabara ilinikodi kuifungulia kampuni tanzu nchi ya nje. Hadidu za rejea zilikuwa kurasa kumi na moja, zimeandikwa vizuri. Kikomo cha saini yangu kilikuwa kidogo kiasi kwamba malipo ya kuhifadhi kontena bandarini kwa wiki moja tu yalikipita. Kontena la kwanza likafika siku ya Jumanne. Uzito kwenye orodha ya mzigo na ule wa kwenye hati ya shehena ulitofautiana kwa kilo 40, na forodha ikataka barua ya masahihisho yenye saini ya mkurugenzi pamoja na dhamana ndogo ya fedha. Jambo la asubuhi moja. Nikapiga simu makao makuu: mkuu wa fedha yuko likizo. Msaidizi wake hana mamlaka. Mwanasheria anataka kuisoma barua kwanza. Nilikaa siku kumi na mbili, nyingi kati ya hizo kwenye kiti cha plastiki ofisini kwa wakala wa forodha, kijana mmoja mpole ambaye kila asubuhi aliniuliza "imefika?" hata kabla sijamsalimu. Tozo ya bandari ilipanda kila siku, na ada yangu nayo ilipanda kila siku. Mteja wetu wa kwanza, aliyeahidiwa mzigo Ijumaa, akanunua kwa mshindani. Waliniajiri kwa sababu ya uwezo wangu wa kuamua, halafu uamuzi wakaufungia kabatini kwao.

Kwa hiyo kabla mtu huyo hajapanda ndege, kaeni mwandike karatasi moja yenye mafungu matatu: anayoamua peke yake, anayoamua kisha akakuarifu, na asiyoyagusa bila idhini yako. Kwa hali yako, ningemwachia peke yake kuajiri mafundi, kununua vipuri hadi kiwango mlichokubaliana, mambo yote ya forodha, na punguzo dogo la bei kwa wale wateja wawili waliokasirika. Ningebaki na kuvunja au kubadili mkataba wa msambazaji, mikopo, kesi, na pango la zaidi ya mwaka. Na awe na bosi mmoja tu, nawe ndiye. Mjumbe wa bodi aliyemleta hapaswi kupokea simu zake za usiku. Nimeona kampuni mbili zikigawanyika kwa njia hiyo, na katika zote mbili aliyeumia mwishoni ni mkurugenzi mtendaji.

Mamlaka hayo yana upande wa kisheria, na hapa ndipo wengi huteleza bila kujua. Mkataba wa mfano wa kodi wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi zilizoendelea, ambao nchi nyingi hutumia kama kielelezo cha mikataba yao ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, unasema kampuni ya nje inaweza kuhesabiwa kuwa na kituo cha kudumu cha biashara nchini hata kama haina ofisi, iwapo kuna mtu anayefunga mikataba kwa niaba yake kwa mazoea. Tangu marekebisho ya 2017, kielelezo hicho kinamgusa hata yule ambaye hasaini, lakini ndiye anayefanya sehemu kubwa ya kazi inayoufikisha mkataba mahali pa kusainiwa makao makuu bila kubadilishwa. Maana yake kwako ni kwamba, ukimtuma mtendaji wa muda akaanza kuuza kabla kampuni tanzu haijasajiliwa, faida ya mauzo hayo inaweza kudaiwa kodi huko. Pia kuna suala la siku zake. Kipimo cha siku 183 ndani ya miezi 12 hujitokeza mara kwa mara katika mikataba ya kodi kwa kipato cha mfanyakazi anayetumwa nje, na watu hukichukulia kama kinga kamili. Si kinga kamili. Kina masharti mengine, na iwapo mtu wako analipwa kama mfanyakazi au kama mtoa huduma hubadili hesabu yote.

Cheo nacho kina mambo yake. Watu hudhani ukimwita mtu "mratibu wa mradi" badala ya mkurugenzi umemwepusha na wajibu wa mkurugenzi. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya 2006, kwa mfano, inamhesabu kuwa mkurugenzi yeyote anayeishika nafasi hiyo kwa jina lolote, na ina kifungu cha mkurugenzi wa kivuli kwa yule ambaye wakurugenzi wenyewe wamezoea kufuata maagizo yake. Nchi nyingine zina kanuni zinazofanana na hizo. Mtu mwenye uzoefu atakuuliza mapema kuhusu bima ya dhima ya wakurugenzi. Asipouliza, jiulize ameifanya kazi hii mara ngapi.

Kuhusu msambazaji, nakuomba usitume barua yoyote bado. Kwenye Umoja wa Ulaya, mwongozo wa mwaka 1986 kuhusu mawakala wa biashara unampa wakala haki ya fidia mkataba unapovunjwa. Kwa nchi zinazofuata mfumo wa malipo ya kuagana, inaweza kufika wastani wa kamisheni ya mwaka mmoja. Mwongozo huo unahusu mawakala, si wasambazaji wanaonunua na kuuza kwa jina lao, lakini baadhi ya nchi zimewalinda wasambazaji pia. Ubelgiji ina kanuni, zilizoanza na sheria ya 1961, zinazodai notisi ya kutosha kwa msambazaji mwenye haki ya pekee na mkataba usio na ukomo. Barua moja ya hasira iliyoandikwa makao makuu inaweza kukugharimu zaidi ya ada yote ya mtendaji wa muda. Tena, huenda humhitaji aondoke. Msambazaji aliyebaki na mauzo huku nyinyi mkichukua vipuri na ufundi ni mpangilio mzuri sana, na mtu wa nje asiye na historia naye ndiye anayeweza kuupendekeza bila mtu kuaibika.

Unaogopa kuibiwa wateja. Woga huo ni halali, ila mara nyingi huelekezwa kwa mtu asiye sahihi. Mtendaji wa muda anayeishi kwa jina lake hatapata kazi ya pili akijulikana kuwa aliondoka na daftari la mwajiri. Hata hivyo usimwachie uaminifu peke yake uifanye kazi hiyo. Weka kwenye mkataba kifungu cha siri na cha kutowafuata wateja, kilichoandikwa kwa sheria ya nchi ile maana vingine havishiki mahakamani. Kisha weka utaratibu ambao mimi nauamini kuliko kifungu chochote: hakuna mteja anayetembelewa na mtu mmoja. Kila ziara wawe wawili, yeye na mtu wako, na kabla ya Ijumaa mazungumzo yawe yameandikwa kwenye mfumo wenu wa kumbukumbu za wateja. Hilo linazuia wizi, na wakati huo huo ndilo linalohamisha ule uenyeji niliousema. Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mpe jembe siku ya kwanza, lakini awe na mtu wa kulima naye.

Kwenye kumchagua, wasifu wake usikulevye. Miaka 25 inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 25. Omba majina ya wadhamini, uwapigie mwenyewe, na uwaulize swali moja ambalo watu hulisahau: mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, kilibaki nini? Nani alimrithi, na yupo bado? Muulize yeye naye angefanya nini siku 30 za kwanza. Akikueleza mkakati wa soko, mshukuru umwache aende zake. Ningependa kumsikia akisema ataanza kwa wale wateja wawili, kisha atafungua ghala la msambazaji ahesabu vipuri. Na ukimsikia mtu anajisifia kwamba anajuana na wakubwa wa vibali, ondoka polepole. Kujuana na wanunuzi na mafundi ni mtaji. Kujuana kwa aina hiyo nyingine ni kesi inayosubiri tarehe. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya 2010 inaitia kampuni hatiani kwa rushwa iliyotolewa kwa manufaa yake na mtu anayeifanyia kazi, hata asiye mwajiriwa, isipothibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Marekani ina sheria yake ya rushwa ya nje tangu 1977.

Kuna njia nyingine za kufikia hapo unapotaka. Unaweza kuacha kampuni tanzu kabisa kwa mwaka mmoja, ukaajiri mafundi wawili huko kupitia kampuni inayowaajiri kisheria kwa niaba yako, ukaweka akiba ya vipuri kwenye ghala la kukodi, ukaona malalamiko yanaisha au la. Ni rahisi, na unaweza kuivunja ndani ya mwezi. Kama hasira za wateja ndiyo sababu pekee ya uamuzi wa bodi, ningeijaribu hii kwanza. Lakini soko linalotoa robo ya mauzo yako limekuwa kubwa mno kuendeshwa na watu wasio na mwenye kuamua karibu. Ndiyo maana, nikikusanya yote, naegemea kwa mtendaji wa muda wa miezi tisa kwa siku zinazopungua, huku utafutaji wa mrithi ukianza mwezi wa tatu, kabla hamjamzoea.

Kabla ya hatua tatu usitegemee jibu langu wala la mtu yeyote anayekuandikia kwa mbali: kabla ya barua yoyote kwenda kwa msambazaji, kabla ya mkataba wa kwanza wa mauzo atakaoufunga mtu huyo, na kabla ya jina lake kuandikishwa kama mkurugenzi. Hapo kaa ana kwa ana na mwanasheria na mtaalamu wa kodi wa nchi ile ile, wenye leseni ya huko. Wapelekee mkataba wa msambazaji wenyewe, si muhtasari wake, pamoja na ile karatasi ya mafungu matatu.

Sasa meneja wako wa mauzo. Amelijenga soko, ni kweli. Amelijenga kupitia msambazaji mmoja, na kwa miaka minne msambazaji huyo amekuwa mshirika wake wa karibu, pengine rafiki. Kati ya watu wote ulio nao, yeye ndiye mwenye wakati mgumu zaidi wa kwenda kumwambia mtu huyo kwamba vipuri vinachukuliwa. Wateja wamekuandikia wewe wakamruka yeye, na hilo limemuuma hata kama hasemi. Lakini anaijua mashine, anaijua kampuni, na akipiga simu karakana yenu saa mbili usiku anajibiwa. Mtendaji wa muda hana hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo usiwaweke kwenye mashindano. Mpe meneja kiti kwenye usaili wa mtendaji wa muda. Awe ndiye yule mtu wa pili kwenye ziara za wateja, wiki mbili kila mwezi. Mwambie wazi kwamba ni mmoja wa wanaofikiriwa kwa nafasi ya kudumu, kwamba uamuzi utatoka mwezi wa sita, na umwandikie vigezo. Usimwahidi cheo ili kumtuliza. Utakuwa umeamua leo jambo ambalo unalipa fedha nyingi usiliamue leo.

Huenda akaondoka hata hivyo. Basi hakikisha kuanzia wiki hii kwamba namba na historia za wateja ziko kwenye mfumo wa kampuni, maana aliye na daftari lote mfukoni kwa sasa ni yeye, si huyo mgeni unayemwogopa. Nasema hivyo bila kumshuku. Ndivyo ilivyo tu kwa mtu aliyefanya kazi peke yake miaka minne.

Zungumza naye kabla bodi haijakutana tena, nyinyi wawili, mlango umefungwa. Weka mezani zile barua mbili za wateja, azisome kama hajazisoma, umuulize angeanza na lipi. Kisha nyamaza umsikilize, kabla hujataja jina la mtu yeyote wa kukodiwa.